Ukoo wa Bach: nyumba iliyolea muziki na mjane aliyeishi kwa sadaka

Tarehe 27 Februari mwaka 1760, katika mji wa Leipzig nchini Ujerumani, alifariki dunia mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 58. Kumbukumbu za mji zilimtaja kuwa ni mwanamke aliyekuwa akiishi kwa sadaka. Jina lake lilikuwa Anna Magdalena Bach. Mumewe, aliyemtangulia kwa takriban miaka 10, alikuwa Johann Sebastian Bach, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa watunzi wakubwa kabisa wa muziki katika historia ya Ulaya.

Wakati mama huyo anafariki, wana wanne wa marehemu mumewe walikuwa na sifa katika fani ya muziki. Mmoja alikuwa akimtumikia mfalme wa Prussia, mwingine alikuwa nchini Italia. Hata hivyo mjane hakuachiwa hata jiwe la kuonyesha kaburi lake.

Historia ya familia ya Bach husimuliwa mara nyingi kama historia ya vipaji vilivyorithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Lakini ni historia pia ya yatima waliolelewa na kaka zao, ya wake walionakili muziki usiku na mchana, na ya mabinti ambao majina yao hayakuingizwa katika orodha ya ukoo.

Mwokaji mikate na kinu chake

Mwaka 1735, alipokuwa na umri wa miaka 50, Johann Sebastian Bach aliandika nasaba ya ukoo wake. Orodha hiyo ina majina 53, nayo inaanza na mzee aitwaye Veit Bach, mwokaji wa mikate.

Kwa mujibu wa maandishi hayo, Veit alilazimika kuihama Hungary katika karne ya 16 kwa sababu ya imani yake ya Kilutheri. Alihamia Wechmar, kijiji kilichoko katika jimbo la Thuringia katikati ya Ujerumani. Inasimuliwa kuwa alikuwa na ala ndogo ya nyuzi, mfano wa gitaa, na kila alipokwenda kusaga nafaka aliichukua na kuipiga huku kinu kikizunguka. Bach aliandika kwa utani kwamba huenda hapo ndipo mzee alipojifunza kufuata mapigo ya muziki.

Kutoka kwa mwokaji huyo kulitokea vizazi vya wapiga muziki waliotapakaa katika miji ya Thuringia. Baadhi yao waliajiriwa na mabaraza ya miji kupiga tarumbeta na fidla katika sherehe, na wengine walipiga kinanda makanisani. Katika mji wa Erfurt jina hilo lilienea kiasi kwamba wapiga muziki wa mji waliendelea kuitwa "akina Bach" hata baada ya watu wa ukoo huo kutokuwapo tena miongoni mwao.

Waswahili husema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ndivyo ilivyokuwa kwa ukoo huu. Muziki ulikuwa kazi ya mikono kama ususi au useremala, na mtoto aliianza kazi hiyo nyumbani kabla hajajua kwamba ni kazi.

Mara moja kwa mwaka jamaa hao walikusanyika Erfurt, Eisenach au Arnstadt. Johann Nikolaus Forkel, aliyechapisha wasifu wa Bach mwaka 1802, alieleza kwamba mikutano hiyo ilianza kwa wimbo wa ibada, wa aina ile ile ambayo wamisionari wa Kilutheri waliileta baadaye Tanganyika na ambayo ingali ikiimbwa katika makanisa ya Tanzania. Baada ya ibada yalifuata mambo ya kuchekesha. Kila mmoja aliimba wimbo wake wa mtaani, nyimbo zikachanganywa pamoja, na wote wakaangua kicheko.

Katika nasaba ile ya mwaka 1735, hata hivyo, majina yote 53 yaliyoorodheshwa ni ya wanaume.

Yatima wa Ohrdruf

Johann Sebastian alizaliwa Eisenach tarehe 21 Machi mwaka 1685, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake, Johann Ambrosius, alikuwa mpiga muziki wa mji. Mama yake, Maria Elisabeth Lämmerhirt, alitoka Erfurt. Ambrosius alikuwa na pacha wake, Johann Christoph, naye mwanamuziki, na inasimuliwa katika familia kwamba walifanana mno hata wake zao walishindwa kuwatofautisha ila kwa mavazi.

Mama alifariki mwezi Mei mwaka 1694. Baba alioa tena mwezi Novemba mwaka huo huo, lakini mwezi Februari mwaka 1695 naye akafariki. Sebastian akawa yatima kabla ya kutimiza miaka 10.

Mzigo wa malezi ulimwangukia kaka mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa na umri wa miaka 23 na ndiyo kwanza ameoa. Yeye alikuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo wa Ohrdruf, na alikuwa amefunzwa na mtunzi mashuhuri Johann Pachelbel. Aliwachukua Sebastian na ndugu yake Johann Jacob. Jacob baadaye alijiunga na jeshi la mfalme wa Sweden akiwa mpiga zumari, na akafariki Stockholm mwaka 1722.

Kuna kisa kimoja cha Ohrdruf ambacho wanawe Bach walikisikia kutoka kwa baba yao. Kaka alikuwa na kitabu cha muziki wa watunzi wakubwa, naye alimkatalia mdogo wake kukitumia. Kijana alipenyeza mkono kati ya vyuma vya kabati, akakikunja kitabu na kukitoa usiku. Kwa kuwa hakuwa na mshumaa alikinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, kazi iliyomchukua miezi sita. Kaka alipogundua alimnyang'anya nakala ile bila huruma.

Kisa hicho humfanya kaka aonekane mkatili, lakini ndiye aliyempa mdogo wake chakula, shule na misingi ya kinanda. Sebastian hakuusahau wema huo. Alipopata nyumba yake aliwapokea wawili kati ya wana wa kaka yake, Johann Bernhard na Johann Heinrich, akawafundisha muziki kama alivyofundishwa yeye.

Maria Barbara

Tarehe 17 Oktoba mwaka 1707, katika kanisa la kijiji cha Dornheim karibu na Arnstadt, Bach alimuoa Maria Barbara Bach. Bibi harusi hakulazimika kubadili jina, kwani naye alikuwa wa ukoo huo huo. Babu zao walikuwa ndugu, na baba yake, Johann Michael, alikuwa mtunzi na mpiga kinanda wa kanisa. Bwana harusi alikuwa na umri wa miaka 22, na muda mfupi kabla yake alikuwa amepata urithi mdogo kutoka kwa mjomba wake wa Erfurt.

Walijaliwa watoto saba. Wa kwanza alikuwa binti, Catharina Dorothea, aliyezaliwa mwaka 1708. Baadaye walizaliwa Wilhelm Friedemann mwaka 1710, Carl Philipp Emanuel mwaka 1714 na Johann Gottfried Bernhard mwaka 1715. Watoto wengine watatu, wakiwemo mapacha wa mwaka 1713, walifariki wakiwa wachanga. Dada mkubwa wa Maria Barbara, Friedelena Margaretha, aliishi nao akisaidia kazi za nyumbani, na alibaki katika familia hiyo hadi alipofariki mwaka 1729.

Mwaka 1717 Bach alitaka kuhamia Köthen, ambako mtawala wake Leopold alimuahidi kazi bora. Mtawala wa Weimar, mwajiri wake wa wakati huo, hakukubali, na aliposhikilia kuondoka alifungwa jela kwa takriban wiki nne. Aliachiliwa mwezi Desemba, na familia ikahama.

Mwezi Julai mwaka 1720 Bach alikuwa Karlsbad, mji wa chemchemi za maji ya tiba, akiwa katika msafara wa Leopold. Alipoondoka alimwacha mkewe akiwa mzima wa afya. Mwanawe Emanuel aliandika baadaye kwamba baba yao aliporudi na kuingia mlangoni ndipo alipoambiwa kuwa mkewe aliugua, akafariki na kuzikwa. Maria Barbara alikuwa na umri wa miaka 35, naye aliacha watoto wanne, mkubwa wao akiwa na miaka 11.

Anna Magdalena

Tarehe 3 Desemba mwaka 1721 Bach alioa mara ya pili. Anna Magdalena Wilcke alikuwa na umri wa miaka 20, mumewe akiwa na miaka 36. Alikuwa binti wa mpiga tarumbeta wa ikulu, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji aliyeajiriwa katika ikulu ya Köthen kwa mshahara wake. Kwa siku moja akawa mama wa kambo wa watoto wanne.

Miaka miwili baadaye familia ilihamia Leipzig, ambako Bach aliteuliwa kuwa mkuu wa muziki wa Kanisa la Mtakatifu Thomas na makanisa mengine ya mji. Gazeti moja la Hamburg liliripoti kwamba tarehe 22 Mei mwaka 1723 magari manne ya farasi yaliyosheheni vyombo vya nyumbani yaliwasili, na kwamba saa nane mchana familia yenyewe ikafika katika magari mawili.

Kwa Bach hatua hiyo ilimaanisha kazi kubwa zaidi, na vyuo kwa ajili ya wanawe. Kwa mkewe ilimaanisha kuupoteza mshahara wake. Makanisa ya Leipzig hayakuruhusu wanawake kuimba katika kwaya. Sauti za juu ziliimbwa na wavulana. Alipata nafasi za hapa na pale nje ya mji huo, kama ilivyokuwa mwaka 1729 alipokwenda Köthen na mumewe kwa muziki wa maombolezo ya Leopold.

Sauti yake iliponyamaza hadharani, kalamu yake ilianza kazi. Anna Magdalena alikuwa mmoja wa wanakili wakuu wa muziki wa mumewe, na kadiri miaka ilivyopita mwandiko wake ulifanana na wa mumewe hata wataalamu wa baadaye wakachanganyikiwa. Tungo sita za sello pekee, ambazo leo hupigwa dunia nzima, zinajulikana hasa kutokana na nakala ya mkono wake, kwa kuwa maandishi ya Bach mwenyewe ya tungo hizo yamepotea. Katika miaka ya 2000 msomi mmoja nchini Australia alidai kuwa mke huyo ndiye aliyezitunga, lakini wataalamu wengi wa Bach hawakukubaliana naye.

Vimebaki pia vitabu viwili vya muziki alivyopewa na mumewe, kimoja cha mwaka 1722 na kingine cha mwaka 1725. Hicho cha pili ni kumbukumbu ya sebule ya familia: kina tungo za baba, majaribio ya watoto, nyimbo za ibada na vipande vya watunzi wengine. Kile kipande chepesi ambacho karibu kila mwanafunzi wa piano hufundishwa kwa jina la Bach kimo humo, ingawa imethibitishwa kuwa mtunzi wake ni Christian Petzold wa Dresden.

Kati ya mwaka 1723 na 1742 Anna Magdalena alizaa watoto 13. Kuanzia mwaka 1726 hadi 1733, katika muda wa miaka minane, alizika saba. Kwa ujumla Bach alikuwa na watoto 20 kwa wake wawili, na kati yao 10 tu ndio waliofikia utu uzima.

Nyumba iliyojaa watu

Familia iliishi katika sehemu ya jengo la shule ya Mtakatifu Thomas, ukuta mmoja na mabweni ya wavulana. Ndani walikuwamo watoto, shangazi, wanafunzi wa kinanda na jamaa waliokuja na kuondoka.

Mwezi Oktoba mwaka 1730 Bach alimwandikia rafiki yake wa utotoni, Georg Erdmann, barua ambayo ni miongoni mwa chache zilizobaki zinazoonyesha moyo wake. Alilalamika kuwa Leipzig ni mji wa gharama na kwamba wakubwa wake hawakuujali sana muziki. Alieleza pia kuwa sehemu ya kipato chake ilitokana na ada za mazishi, hivyo hewa inapokuwa nzuri na watu wasipokufa, mapato hupungua. Kisha sauti ya barua inabadilika. Watoto wangu wote, alisema, wamezaliwa wanamuziki, na sasa naweza kufanya onyesho la waimbaji na wapigaji kwa watu wa nyumbani mwangu pekee. Aliwataja kwa fahari mkewe, mwenye sauti safi ya juu, na binti yake mkubwa, ambaye naye hakuwa nyuma.

Kuanzia mwaka 1737 hadi 1742 aliishi nao jamaa mmoja, Johann Elias Bach, aliyekuwa katibu wa Bach na mwalimu wa watoto. Barua zake zinatuonyesha Anna Magdalena nje ya muziki. Alipenda sana bustani. Alipoletewa miche ya maua ya mikarafuu ya rangi ya manjano aliifurahia, Elias aliandika, kuliko watoto wanavyofurahia zawadi za Krismasi. Elias alimtafutia pia ndege aliyefunzwa kuimba.

Alipopata kazi mjini Schweinfurt, Elias hakumsahau mlezi wake. Mwaka 1748 alimpelekea pipa la mvinyo kama zawadi. Lilipofika Leipzig, karibu theluthi moja ilikuwa imepotea njiani, na Bach akatakiwa kulipa usafiri, ushuru na ada za kila aina. Katika jibu lake alimshukuru ndugu yake, akaorodhesha kila senti aliyotozwa, kisha akamwomba kwa adabu asitume tena, kwa kuwa zawadi hiyo ilikuwa ghali mno. Yeyote aliyewahi kukomboa mzigo wa jamaa bandarini ataielewa barua hiyo bila mkalimani.

Mwana aliyetoroka

Si kila mtoto alifuata njia iliyotarajiwa. Johann Gottfried Bernhard alipata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa Mühlhausen mwaka 1735 na Sangerhausen mwaka 1737, na mara zote mbili baba yake ndiye aliyemtafutia nafasi. Mwaka 1738 aliondoka Sangerhausen ghafla, akaacha madeni, na familia ikawa haijui aliko.

Barua ambayo Bach alimwandikia mmoja wa wadai mwezi Mei mwaka huo ni ya mzazi aliyeishiwa maneno. Alisema alikwisha kumlipia mwanawe madeni hapo awali, kwamba maonyo na upendo havikufua dafu, na kwamba sasa hana budi kuubeba msalaba wake kwa subira na kumwachia Mungu mwana huyo mkaidi. Bernhard alionekana tena mwezi Januari mwaka 1739, alipojiandikisha kusoma sheria katika chuo kikuu cha Jena. Mwezi Mei alifariki kwa homa, akiwa na umri wa miaka 24.

Mwana mwingine, Gottfried Heinrich, mtoto wa kwanza wa kiume wa Anna Magdalena, alikuwa na kipawa cha kinanda lakini akili yake haikukua kama ya wenzake. Emanuel aliandika kwamba kilikuwa kipaji kikubwa ambacho hakikukomaa. Alitunzwa na familia maisha yake yote, na baada ya kifo cha baba yake alipokelewa Naumburg na dada yake Elisabeth na mumewe, Johann Christoph Altnickol, aliyekuwa mwanafunzi wa Bach. Elisabeth, aliyeolewa mwezi Januari mwaka 1749, ndiye binti pekee wa Bach aliyepata kuolewa.

Mirathi

Macho ya Bach yalianza kufifia uzeeni. Mwezi Juni mwaka 1749, mwenyewe akiwa bado hai, wakuu wa mji walikwisha kumsikiliza mtu aliyetarajiwa kurithi nafasi yake. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa macho mara mbili na tabibu wa Kiingereza, John Taylor, lakini hakupona. Alifariki tarehe 28 Julai mwaka 1750, na hakuacha wosia.

Waliobaki walikuwa mjane na watoto tisa, watatu wa mke wa kwanza na sita wa mke wa pili. Mali iliyoorodheshwa ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi kidogo ya thaler 1,100. Thaler ni jamaa ya ile sarafu ya fedha ya Maria Theresa ambayo wazee wa Unguja waliijua kwa jina la reale. Miongoni mwa mali hiyo kulikuwa na vinanda, fidla, vyombo vya fedha na vitabu vya dini. Kwa mujibu wa sheria, mjane alipata theluthi moja, na theluthi mbili ziligawanywa kwa watoto wote tisa.

Hapakukosekana mvutano. Johann Christian, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alisema baba yake alimpa vinanda vitatu akiwa hai, hivyo visiingizwe katika mirathi. Mama yake na shemeji yake Altnickol walimuunga mkono, lakini watoto wa mke wa kwanza walikuwa na shaka na dai hilo. Yatosha kusema kwamba swali la nani alipewa nini marehemu akiwa hai halikuzaliwa jana.

Hazina kubwa kuliko zote haikutajwa katika orodha hiyo kabisa. Maandishi ya muziki yaligawanywa kando. Sehemu kubwa iliwaendea Friedemann na Emanuel. Anna Magdalena alibakiwa na karatasi za waimbaji na wapigaji za mfululizo mmoja wa kantata za kanisa, naye aliikabidhi shule ya Mtakatifu Thomas wakati alipoomba aendelee kukaa katika nyumba ya kazi ya mumewe kwa miezi sita. Karatasi hizo alizoziachia ili apate pa kulala zimesalimika hadi leo.

Wana wanne

Wilhelm Friedemann, aliyependwa sana na baba yake, alikuwa hodari kuliko wote katika kinanda cha kanisa. Alifanya kazi Dresden na Halle, lakini mwaka 1764 aliacha kazi na hakupata tena ajira ya kudumu. Kadiri dhiki ilivyozidi aliuza maandishi ya baba yake, na mengi hayajulikani yalikoishia. Alifariki Berlin mwaka 1784 akiwa maskini.

Carl Philipp Emanuel alimpigia kinanda Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia kwa miaka mingi, kisha mwaka 1768 akahamia Hamburg kushika nafasi ya Georg Philipp Telemann, aliyekuwa baba yake wa ubatizo. Alikuwa mwangalifu mno. Aliyatunza maandishi ya baba yake, ikiwemo Misa kubwa ya B ndogo, pamoja na tungo za wazee wa ukoo. Mkusanyiko mkubwa uliokuwa na mali yake ulipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ukagunduliwa mjini Kiev mwaka 1999, na kurejeshwa Berlin mwaka 2001.

Johann Christoph Friedrich aliishi maisha ya utulivu katika ikulu ndogo ya Bückeburg hadi mwaka 1795. Johann Christian, kitinda mimba wa wana wa kiume, ndiye aliyesafiri mbali zaidi. Baada ya kifo cha baba yake alilelewa Berlin na kaka yake Emanuel, kama vile baba yao alivyolelewa na kaka yake. Kisha alikwenda Italia, akaingia Kanisa Katoliki, na mwaka 1762 akahamia London, ambako alikuwa mwalimu wa muziki wa Malkia Charlotte. Huko, mwaka 1764, alimpokea mtoto wa miaka minane aitwaye Mozart, ambaye hakumsahau maishani. Alifariki mwaka 1782 akiacha madeni.

Wanawake waliobaki

Anna Magdalena alibaki Leipzig na mabinti wawili wadogo, Johanna Carolina mwenye miaka 12 na Regina Susanna mwenye miaka minane, pamoja na binti wa kambo Catharina Dorothea, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Wakati huo mjane wa mwanamuziki hakuwa na malipo ya uzeeni ya kudumu. Alipewa mshahara wa mumewe wa nusu mwaka, basi. Mwaka 1752 baraza la mji lilimpa thaler 40 kwa sababu ya umaskini wake na kwa nakala kadhaa za muziki alizozikabidhi.

Si haki kusema kwamba wana wote waliwapa kisogo. Emanuel alimchukua mdogo wake, na dada yake Elisabeth alipofiwa na mumewe mwaka 1759 na kurudi Leipzig alipata msaada wake. Hata hivyo misaada ya namna hiyo ilitegemea moyo na mfuko wa mtu mmoja aliye mbali. Binti aliyefundishwa kuimba na kunakili nyumbani kwa Bach hakuwa na ofisi ya kuombea kazi, kwani hakuna kanisa wala baraza lililoajiri mwanamke kushika nafasi kama za kaka zake.

Regina Susanna aliwazidi wote umri wa kuishi. Mwaka 1800 mwandishi Friedrich Rochlitz alichapisha wito katika gazeti la muziki la Leipzig, akieleza kwamba binti wa mwisho wa Bach yu hai na ana shida. Michango ilikuja kutoka pembe mbalimbali, na kijana mmoja wa Vienna, Ludwig van Beethoven, aliwaandikia wachapishaji akitaka utungo wake utolewe kwa manufaa ya mama huyo. Regina Susanna alifariki mwezi Desemba mwaka 1809, na kwa kifo chake watoto wote 20 wa Bach wakawa wametoweka duniani.

Mjukuu mbele ya sanamu

Muziki wa Bach ulirudi kwa umma kwa nguvu mwaka 1829, wakati Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, alipoongoza mjini Berlin utungo wa Mateso ya Kristo kwa mujibu wa Mathayo. Hapo napo mkono wa familia ulikuwapo, safari hii familia nyingine. Nakala ya utungo huo alipewa na bibi yake, na shangazi wa mama yake, Sara Levy, alikuwa mwanafunzi wa Friedemann Bach.

Mwezi Aprili mwaka 1843 Mendelssohn alizindua Leipzig mnara wa kumbukumbu wa Bach, karibu na shule ambayo familia ile iliishi. Katika umati alikuwapo mzee wa miaka 83, Wilhelm Friedrich Ernst Bach, mwana wa Johann Christoph Friedrich, ambaye ujanani alifundishwa London na baba yake mdogo Johann Christian. Alifariki mwezi Desemba mwaka 1845, akiwa mjukuu wa mwisho wa kiume wa Johann Sebastian.

Masalia ya Bach yalifukuliwa mwaka 1894, na tangu mwaka 1950 yamelazwa ndani ya Kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako wageni kutoka kila pembe ya dunia huweka maua. Mkewe alizikwa katika makaburi yale yale ya Mtakatifu Yohana alikozikwa mumewe kwanza, na mahali alipolala hapajulikani. Mwandiko wake, hata hivyo, haujapotea. Kila anapotokea mtu mahali fulani duniani akafungua zile tungo sita za sello, anasoma kile alichokinakili Anna Magdalena.